Futi, Mpimaji Ardhi Aliyetutafutia Wapinzani wa Saizi Yetu

Familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu. Nimeandika, nikafuta, nikaandika tena, na shemeji amenirudisha kwenye mstari kila nilipoanza kumpamba marehemu. Yaliyobaki ni haya.

Kaka yetu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa pili kati ya watano wa baba seremala na mama mkunga. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na sisi wavulana watatu tulilala kitanda kimoja. Nilipofikia umri wa kuhamia kwa wakubwa, alichukua futi ya baba, akapima kitanda na kuchora mistari ya chaki kwenye ubao wa kichwani. Fungu langu lilikuwa dogo kuliko yote, nikaenda kushtaki. Akanisimamisha ukutani mbele ya mama, akanipima utosi hadi kisigino, kisha akaeleza kwa utaratibu kwamba kwa mwili wangu mimi ndiye niliyepata kitanda kikubwa kuliko wote. Mama akasema mtoto huyu atakuwa hakimu au atakuwa msumbufu. Tangu siku hiyo aliitwa Futi, na wengi mlioko hapa hamkuwahi kumjua kwa jina jingine.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, na sekondari kuanzia 1970 hadi 1973. Hesabu zilimpenda. Lugha hazikumpenda, na insha zake zilirudi zimejaa wino mwekundu kwa sababu aliandika sentensi fupi kama za kwenye ramani. Mwaka 1974 alijiunga na chuo cha upimaji ardhi na kuhitimu mwaka 1976. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo aliajiriwa Idara ya Ardhi, ambako alitumikia miaka arobaini kasoro miezi michache, hadi alipostaafu tarehe 9 Machi 2016. Wenzake wa ofisini wanasema alipima viwanja vya matajiri na vya wajane kwa kamba ileile, na kwamba mtu aliyekuja na maneno matamu alipewa ufito wa kupimia aushike, ili mikono na mdomo wake vipate kazi.

Kati ya mwaka 1981 na 1983 idara ilimpeleka masomoni ng'ambo, katika mji wa migodi. Wapangaji wenzake walikuwa wachimbaji, na kila Jumapili walicheza raga. Haikuwa ile ya wachezaji kumi na watano ambayo wengi wetu tunaifahamu. Ni raga ya ligi, ya wachezaji kumi na watatu: ukikabwa unainuka, unarudisha mpira nyuma kwa mguu, na timu yako ina nafasi sita tu kabla ya kuuachia mpira. Walimchezesha pembeni kabisa, ambako angeleta madhara kidogo. Aliporudi nyumbani, ndani ya sanduku lake kulikuwa na vitabu vinne, koti zito lisilofaa kwa hali yetu ya hewa, na mpira uliotolewa upepo.

Alifunga ndoa na shemeji yetu, muuguzi wa kitengo cha majeruhi, siku ya Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1985. Walijuana kwa sababu ya huo mpira, ambao alikuwa akiwafundisha majirani kuucheza hata kabla hatujawa na timu. Kila wiki alikuwa akipeleka hospitali mtu aliyeteguka, na kila wiki alihakikisha ni zamu ya yule yule dada. Wiki moja hakuumia mtu. Futi akampeleka mwokaji mikate wa mtaa wetu, kidole kimefungwa kitambaa. Dada akakifungua kitambaa, akakigeuza kile kidole, akakipinda, akakinyoosha. Mwokaji akashindwa kuvumilia, akasema, "Sista, mimi siumwi. Nimeambiwa nije." Shemeji anasema alimwonea huruma mwokaji, si bwana harusi. Ndoa yao ilijaliwa watoto watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja.

Timu yetu ya kwanza ilianza mwaka 1988, nyuma ya ghala la idara ya maji. Tulikuwa kumi na mmoja, tukacheza hivyohivyo. Uwanja aliupima yeye kwa vifaa vya serikali, siku ya mapumziko, kwa ruhusa ya maandishi aliyoiomba mwenyewe. Hadi mwaka 1997 tulikuwa na klabu nne, na chama cha dunia kikatupokea kama nchi inayochipukia. Ndipo ukaja mwaliko ambao kila mtu aliushangilia, na yeye akiwamo. Moja ya timu kubwa kabisa duniani ingepita kwetu ikijiandaa na mashindano yake, na ilitaka mechi.

Mechi hiyo ilichezwa Jumamosi, tarehe 17 Oktoba 1998. Futi alikuwa kocha. Mimi, fundi breki wa karakana ya mabasi, nilikuwa nahodha. Wenzangu walikuwa walimu, makuli, kinyozi mmoja na yule mwokaji. Wale wageni kazi yao ilikuwa raga, asubuhi na jioni, tangu utotoni. Hadi mapumziko tulikuwa tumefungwa hamsini na nane kwa sifuri.

Meneja wa wageni alikuja mlangoni mwa chumba chetu cha kubadilishia nguo. Alikuwa muungwana, na alizungumza kwa sauti ya chini. Alipendekeza kipindi cha pili kiwe cha dakika ishirini badala ya arobaini, na akasema angetuazima wachezaji wake wawili wenye mbio tukitaka. Futi alitugeukia akauliza tunasemaje. Nilijibu kwa niaba ya wote kwamba hatukuja kuazimwa watu, na kwamba tutamaliza dakika zote. Chumba kizima kiliunga mkono. Futi akamwambia yule bwana kwamba wachezaji wameshaamua.

Dakika ya sitini na moja nilijitupa miguuni mwa mtu wa kilo mia na kumi na nane, aliyekuwa bado mbichi kama ndiyo kwanza mechi imeanza. Miguu yangu mimi ilikuwa imekwisha zamani. Goti langu la kulia lilikwenda upande ambao goti haliendi. Nikiwa kwenye machela nilisikia uwanja ukilipuka kwa furaha: mwokaji wetu alikuwa amefunga trai, yaani ameugusisha mpira chini nyuma ya mstari wao. Matokeo ya mwisho yalikuwa tisini na sita kwa nne. Watu walimbeba mwokaji mabegani kana kwamba tumeshinda, na magazeti yakaandika kuhusu moyo wetu wa kijasiri. Mimi nililazwa wiki kumi na moja, na tangu hapo natembea kama mnavyoniona.

Futi alikuja wodini kila siku baada ya kazi. Wiki ya pili alisema jambo ambalo nitalinukuu kama alivyolisema. "Jibu la yule bwana nilikuwa nalo mdomoni. Nikalisukuma kwako kwa sababu nilitaka kuonekana kocha anayewasikiliza wachezaji wake. Kazi ya kukubali zile dakika ishirini ilikuwa yangu."

Alidhani ananiondolea mzigo. Mimi niliumia. Nilikuwa nimepoteza goti, nikaona sasa ananinyang'anya hata ule uamuzi, kitu pekee cha siku ile kilichokuwa changu. Nilimwambia aende nyumbani. Alirudi kesho yake na uji wa chupa, na hatukulizungumzia tena. Salamu zilikuwepo, lakini zilikuwa za adabu tu.

Mwaka 2001 timu ileile ilituita tena, safari hii kwao, mbele ya kamera za televisheni. Kamati ilikutana Jumamosi, tarehe 3 Machi, katika chumba cha ramani cha Idara ya Ardhi. Futi alipinga. Alisema tutafute kwanza nchi changa kama sisi, tufungwe mbili tufunge tatu, tujue mchezo wenyewe ukoje pale ambapo matokeo hayajulikani. Mwenyekiti akamwambia ameingiwa na woga tangu ndugu yake aumie, na kwamba tukikataa, dunia haitatuona.

Futi akajibu, "Dunia ilishatuona tukipigwa tisini na sita. Ilijifunza nini juu yetu?"

Ilipigwa kura ya kunyoosha mikono. Saba walitaka mechi, wawili walikataa. Nilikuwa mjumbe wa kamati ile, na mkono wangu ulikuwa miongoni mwa ile saba. Alikaa mkabala nami, kwa hiyo aliuona. Alikusanya karatasi zake, akaomba radhi kwamba chumba kinafungwa saa kumi, akajiuzulu.

Mechi ilichezwa tarehe 28 Julai bila yeye. Tulifungwa mia moja na nane kwa sifuri. Nilikuwa jukwaani, na kabla ya kipindi cha pili kufika katikati watu walikuwa wanatoka. Hawakutuzomea, na nafikiri tungezomewa ingekuwa afadhali. Walitoka kwa upole, wakizungumza mambo mengine, kama watu waliomaliza kungoja basi. Vijana wetu waliporudi nyumbani, wengi hawakutokea tena mazoezini. Klabu mbili kati ya nne zilikufa kabla ya mwaka kwisha.

Kamati ikanituma mimi nikamrudishe. Nilimkuta shambani kwa mtu, akipima mipaka ya ndugu wawili waliogombana. Hakuniuliza nimefuata nini. Alinikabidhi ufito, akanielekeza pa kusimama, nikasimama na goti langu lile karibu saa mbili, huku yeye akichungulia kwenye darubini na kunipungia mkono kushoto, kulia, kushoto kidogo. Alipomaliza alifunga vifaa, akaketi juu ya kasha lake na kuuliza, "Wamebaki wangapi?"

Nikamwambia kumi na tisa.

"Wanatosha," akasema.

Nikaanza kumweleza kuhusu mkono wangu siku ile ya kura. Alinikatiza. Akasema aliyeumia ni mimi, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa na haki kubwa kuliko yeye ya kutaka turudi kule, na kwamba yale aliyoniambia wodini alikuwa akiyasema ili yeye mwenyewe apate usingizi. Tulirudi mjini kwa gari la idara, na njia nzima alinilalamikia jinsi nilivyoushika ufito umeinama.

Alichofanya baada ya hapo kilikuwa kazi ya barua. Aliandika kwa nchi tatu zilizokuwa changa katika mchezo huu kama sisi, sentensi fupi zilezile za kwenye ramani: tuna wachezaji kumi na tisa, tuna uwanja mmoja tambarare, tumefungwa sana, nyinyi je? Nchi moja haikujibu kamwe. Ya pili ilijibu baada ya mwaka mzima. Ya tatu ilijibu ndani ya wiki tatu, na kocha wao, dereva wa lori, aliandika kwamba wao wana wachezaji kumi na saba na uwanja wenye mteremko.

Tulicheza nao Jumamosi, tarehe 21 Agosti 2004. Tulifungwa ishirini na mbili kwa ishirini, na trai iliyotumaliza iliingia dakika ya mwisho kabisa. Hakuna mtu aliyeondoka uwanjani. Futi alishindwa kuketi siku nzima. Shemeji anasema hata chakula alikila amesimama, na alikuwa amekunja programu ya mechi hadi ikawa kama kijiti. Mwaka uliofuata tulikwenda kwao tukawafunga kwenye mteremko wao. Nchi ya pili nayo ikaingia, na tangu mwaka 2006 kombe la nchi hizi tatu halijakosa kuchezwa isipokuwa miaka miwili ya janga la korona.

Mwaka 2017 chama cha dunia kilimwalika kuzungumza kwenye mkutano wake. Alitumia dakika nne kati ya kumi na tano alizopewa. Aliwaomba wakubwa watuletee waamuzi na walimu wa mchezo, na wakitaka mechi walete vijana wao wa akiba. Mjumbe mmoja akamuuliza tutakuaje bila kukutana na walio bora. Akajibu kwamba tutakutana nao, ila yeye ameshawahi kuharakisha, na aliyelipia hayo ni mdogo wake. Hakuniambia kwamba alinitaja. Nimelijua hilo wiki hii, kutoka kwa binti yake aliyefuatana naye.

Tarehe 11 Februari 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa kwa miaka mitatu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo aliendelea kuja uwanjani na kiti chake cha kukunja. Mwenyekiti yule wa zamani alikuwa akimchukua kwa gari lake, na walibishana kwenda na kurudi. Mwezi Machi mwaka huu ugonjwa ulifika kwenye mifupa. Alipolazwa mara ya mwisho alituomba tusiahirishe mechi yoyote kwa ajili yake. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Shemeji alikuwa ameushika mkono wake, na kitinda mimba wao alikuwa akimsomea majina ya kikosi cha Jumamosi. Alifika jina la tisa.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na mimi. Ameacha pia klabu kumi na moja za wanaume na nne za wanawake. Na safu ya tatu, kushoto kwenu, wameketi wageni waliosafiri siku mbili kwa barabara kuwa nasi hapa: dereva wa lori aliyeijibu barua yake, na wachezaji kumi na watatu wa nchi yake. Katika miaka ishirini na moja wametufunga mara kumi, na sisi tumewafunga mara kumi. Wameomba wao ndio walibebe jeneza pamoja na vijana wetu, na familia imekubali.

Kaka yetu na apate mapumziko ya amani.