Papa Zéphyrin Anaondoka, na Safari Hii Ni Kweli

Papa Zéphyrin, mtunza vifaa wa timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, anastaafu tarehe 12 Desemba 2025 baada ya kukitumikia chuo chetu hapa Louisville kwa miaka kumi na sita. Wenye kumbukumbu watasema wameshausoma wasifu huu. Ni kweli. Nimeuandika mara tatu, na mara tatu nimeagiza keki. Mwaka jana mwoka keki aliniuliza kama mzee huyu hustaafu kila Krismasi.

Balaa lilianza 2022. Mkewe, Mama Nzigire, alinunua nyumba ya zamani mtaa wa Black Rock kule Buffalo, karibu na binti yao aliyejifungua mapacha. Akahamia, akamwambia mumewe amfuate msimu ukiisha. Mume akakubali. Kisha tukashindwa mechi ya mwisho, naye akaja ofisini kwangu, mimi Karimi, mratibu wa safari za timu, akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo: "Siwezi acha batoto na haya ya kushindwa. Donc, basi, tungoje mwaka yenye inakuya." Angeondoka siku tutakayoshinda mechi ya kufunga msimu. Wachezaji waliguswa hadi machozi. Mama Nzigire hakuguswa. Alinipigia simu kuniuliza kwa nini ninamfichia mume.

Mwaka 2023 tulimalizia msimu Columbus. Mdogo wake, Bagula, alitoka mji wa jirani wa Reynoldsburg na familia nzima pamoja na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, kuja kumuaga. Tukashindwa kwa pointi moja. Vijana wanalia, mzee anakunja taulo huku akiimba pambio. Nilidhani ni imani. Mwaka uliofuata tukashindwa tena, pambio likaimbwa tena, na keki tukaila wenyewe.

Tuseme haki, kazi ameifanya. Alikuja akiwa ametoka kubeba maboksi ghalani, hajui helmeti inavaliwaje, na leo hakuna jezi iliyopotea mikononi mwake. Aliwahi kumshonea kocha suruali iliyopasuka katikati ya mechi, kocha akiwa ndani yake. Mchezaji aliyefeli mtihani alikwenda kwake kwanza, ndipo aende kwa mshauri wa masomo. Mshauri amelalamika kwa maandishi.

Sasa msimu huu, jamani. Katika mechi tisa za kwanza tulishinda mbili, na moja tulishinda kwa sababu nusu ya wapinzani walikuwa na mafua. Kuna mechi tuliyopoteza kwa kuangusha mpira wenyewe, hakuna aliyetugusa. Ya kumi, ya mwisho, ratiba ikatupeleka Buffalo. Mama Nzigire akanitumia ujumbe kwamba haji kutazama mpira, anakuja kuchukua mume. Ana miaka thelathini na minane ya ndoa, aliandika, na mitatu ya mwisho ameolewa na simu.

Zilipobaki dakika mbili tulikuwa tunaongoza, ishirini kwa kumi na saba. Benchi zima limesimama. Nikageuka ili nifurahi na Papa, nikamkuta uso umemshuka, ameshika ndoo ya maji kama mfiwa. Ndipo nilipoelewa. Mzee huyu hakuwa anangoja tushinde. Alikuwa anategemea tushindwe, nasi miaka mitatu hatukumwangusha.

Filimbi ya mwisho ilipopigwa Papa aliniuliza kama saa ya uwanja ni nzima. Mama Nzigire akashuka ngazi taratibu kwenye theluji, akamuuliza mkoba wake uko wapi. Hakuwa na mkoba. Hakuleta hata shati la kubadilisha, maana alikuwa na hakika atarudi nasi Louisville. Nilimfokea mbele ya mkewe, mtu wa rika la baba yangu, na kwa hilo naomba radhi hapa hadharani. Hakukasirika. Alisema kwetu Louisville vijana tisini wanamwita tangu asubuhi. Black Rock atakaa dirishani ahesabu mabasi, nani atamwita?

Mama Nzigire akasema yeye ana miaka mitatu anamwita. Papa akamkabidhi kocha ndoo, akamfuata mkewe.

Basi likaondoka. Baada ya maili thelathini tulisimama kujaza mafuta, na kwa kuwa aliyezoea kutuhesabu hakuwepo, tukamwacha Silas, mpiga mateke wetu, yule yule aliyetupa pointi tatu za ushindi. Silas hakunipigia mimi, wala kocha. Alimpigia Papa.

Wakaenda wote wawili na gari la Mama kumchukua. Mama ananiambia walimlisha fufu na samaki, wakamlaza sebuleni, asubuhi wakampandisha basi la kurudi. Halafu Papa akazunguka nyumba nzima mara mbili, akauliza kabati lake ni lipi.

Papa Zéphyrin, asante kwa miaka kumi na sita. Mama Nzigire, asante kwa subira, na utusamehe. Tunawatakia nyumba yenye joto, wajukuu wenye afya na uzee mtamu. Simu ya Papa tumewapa wachezaji wote tisini.