Mzee Muoki Mbaluka na Pampu Iliyoitwa Kasiva

Mzee Josiah Muoki Mbaluka alizaliwa Mwala, Machakos, tarehe 9 Machi 1955. Mwaka 1961 baba yake, mchonga vinyago, aliihamishia familia Jericho, Nairobi. Muoki alisoma shule ya msingi mtaani na kujifunza kuchonga kwa baba yake, mtaa wa Shauri Moyo. Mwalimu wake alilalamika kwamba mtoto huyu hata akiketi, miguu inaendelea na safari.

Alijiunga na jeshi la wanamaji mwaka 1975, akasomea ufundi wa injini Mombasa. Tarehe 18 Desemba 1982 alimwoa Kasiva katika kanisa la Jericho.

Mwaka 1984 alipangiwa meli ya doria iliyojengwa Ujerumani mwaka 1966 kwa jina Falke. Kenya iliiita Kozi. Maandishi yote ya chumba cha injini yalikuwa ya Kijerumani, na siku ya kwanza mafundi walifungua valvu isiyofaa, maji yakawafika magotini. Muoki akachonga vibao vya mbao, akazipa pampu na valvu majina ya watu wa kwao, kila moja kwa tabia yake. Pampu ya kutoa maji ndani ya meli aliiita Kasiva.

"Baba Maingi, kwa hivyo kazi yangu ni kutapika maji machafu?" mkewe alimwuliza.

"Wewe ndiye unatuzuia kuzama, mama."

"Na kelele?"

"Na kelele pia."

Mwaka 1997 Kozi ilikabidhiwa Sri Lanka, naye akatumwa nayo kuwafundisha mafundi wapya. Wao walidhani vile vibao vilitoka kiwandani, wakayashika majina hayo. Meli ilipopewa Bangladesh mwaka 2011, bado watu walikuwa wakipaaza sauti: "Washa Kasiva!" Bendera nne, majina manne ubavuni, na kila sherehe ya makabidhiano iliwataja wakubwa tu. Waliochafuka mafuta ili meli isizame hawakutajwa popote. Leo tunamtaja mmoja wao, tena kwa sauti.

Alistaafu mwaka 2005, akarudi Jericho kutengeneza mifereji ya majirani. Hakutulia.

"Mbinya, nitafutie meli yangu kwa simu," alimwambia mjukuu wake.

"Babu, jana ilikuwa bandarini."

"Jana si leo."

Mwaka 2024 mapafu yalianza kumsumbua. Mwaka huohuo Mbinya alisoma kwamba meli itakatwakatwa iwe chuma chakavu. Babu aliomba kitu kimoja: kibao cha Kasiva kisiachwe kwenye takataka. Fundi mmoja wa bandari ya Chittagong, Bangladesh, ambaye Mbinya alimpata mtandaoni, aliahidi kukifungua na kukituma. Hospitalini Babu aliuliza kila mara, "Kasiva amefika?"

"Si niko hapa!" Susu, nyanya yetu Kasiva, alimjibu kando ya kitanda.

"Si wewe. Ile ingine."

Aliaga dunia Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Kibao kilifika Jumanne.

Tulitaka kukiweka ndani ya jeneza. Susu alikishika, akakinusa, bado kinanuka dizeli. "Huyu mzee alinizungusha bahari zote, na Mombasa hakuwahi kunipeleka," alisema. "Sasa nimerudi kwangu, mnataka kunifukia?" Kibao kimepigiliwa mlangoni pake.

Marehemu ameacha mjane, Kasiva. Watoto wawili, Maingi na Kavutha. Na wajukuu wanne.

Babu, Kasiva amefika. Zima injini, upumzike kwa amani.