Ng'ombe wa Mahari

Ndani ya gari la abiria, Noah iliyotoka Bunda, Anastazia alijifanya anasinzia ili asikie vizuri. Kijana mtengeneza programu ya simu ya wafugaji alikuwa akimweleza mama wa kiti cha pembeni: "Tunaanza na namba za ng'ombe. Majina tumeyaweka mwisho wa orodha."

"Nani aliwaambia?"

"Wenye ng'ombe, mama. Wazee kumi na wawili."

"Na wanaokamua, mliwauliza?" Kijana akakohoa. Anastazia alikijua kikohozi hicho, mumewe hukitoa akibanwa na swali. Mama akaendelea: "Ng'ombe wangu alikuja kwa mahari ya binti yangu. Namwitaga Esther, jina la huyo binti. Nikimwita asubuhi, naona kama binti bado yupo nyumbani."

Kwenye kituo cha Bweri gari likasimama, mama akashuka. Kijana akachungulia dirishani: "Mama, nikija kuwauliza?"

"Njoo alfajiri, mwanangu. Ila ng'ombe umwite jina kwanza. Namba hajuagi."