Kijiko cha Alfajiri

"Kabla hakujapambazuka nasikia kijiko mezani, tak, tak," mama mmoja alimwambia jirani yake wa kiti kwenye basi. "Ni binti yangu wa miaka mitano, ana usonji. Tangu shule iwapeleke posta kwa ziara, anaigiza kugonga muhuri."

Jirani, aliyevaa sare ya posta, akageuka. "Yule wa gauni la njano? Mimi ndiye niliyezima feni alipoziba masikio."

Mimi bibi niliyeketi nyuma yao nikampenda huyo wa posta hapohapo.

"Wakati wa kuondoka alilia mpaka mwalimu akasema ziara ijayo abaki nyumbani," mama akasema. " Natamani sana arudi kwenu, ila naona aibu."

"Aibu ya nini? Wateja watu wazima wanatupigia kelele kila siku."

Basi likasimama, yule wa posta akainuka ashuke.

"Akilia tena je?"

"Alie tu, dada. Mlete anitembelee tena."