Babu Korido Anastaafu, Nasi Tumeduwaa

Baada ya miaka thelathini na moja ya kupokea wageni, mwenzetu tunayemwita Babu Korido anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni. Sisi wa mapokezi tumeduwaa. Hatujui tumpigie makofi au tumfungie mlango asitoke.

Hoteli yetu zamani ilikuwa mahakama, na aliyeigeuza sijui alikuwa anawaza nini. Chumba cha tisa kinapakana na cha ishirini. Ghorofa ya pili hufiki mpaka kwanza ushuke jikoni. Katika wiki yake ya kwanza kazini, Babu alimfikisha bwana harusi kwenye stoo ya mashuka, akamtakia ndoa njema, akamwachia mizigo na kwenda zake. Bibi harusi huku chumbani analia, anadhani ameshaachwa. Mpaka leo Babu mwenyewe haelewi walipitia wapi.

Ila siku ambayo hatuisahau ni ya yule hakimu. Mwanamke mmoja alikuja na baba yake mzee, aliyewahi kuamua kesi humu humu, na sasa kumbukumbu zilikuwa zinamponyoka. Wakati wa kifungua kinywa mzee aliinuka, akaketi mbele ya ukumbi na kugonga meza kwa kijiko. "Kesi inayofuata!"

Wageni wakatazamana. Binti akamvuta baba yake mkono, machozi yanamlengalenga. Meneja akanitazama mimi, mimi nikatazama dari.

Babu Korido akatua birika, akaenda kusimama mbele ya mzee, mikono nyuma.

"Mheshimiwa, nashtakiwa kwa kuchelewesha chai."

"Unakiri kosa?"

"Nakiri, mheshimiwa. Nilipotea humu ndani."

Mzee alimkazia macho, kisha uso ukalegea. "Hata mimi siku hizi napotea," akasema taratibu. "Nenda. Umesamehewa." Akamshika binti yake mkono, wakarudi mezani.

Mwaka uliofuata binti alirudi peke yake. Baba yake alikuwa ameshafariki, naye alitaka kumshukuru Babu. Babu wetu alibeba begi la yule binti, wakapanda ngazi polepole, bega kwa bega.

Babu, asante kwa vicheko, kwa mgongo wako na kwa moyo wako. Mkeo ametuambia anakusubiri kwa hamu, na kwa wasiwasi kidogo. Tunakuombea afya, usingizi mnono, na wajukuu watakaokuchosha mpaka usipate nafasi ya kutukumbuka. Sisi tutakukumbuka.