Neno Sedulous Kwenye Barua ya Peres

Benchi yetu iko nje ya geti la ghorofa moja huku Kileleshwa, karibu na birika la Nthiwa muuza kahawa. Asubuhi moja Peres alikuja ameshika barua, uso umemshuka. Miaka sita amepika na kulea watoto kwa wakili Kamlesh, na sasa wakili amehamia Kisumu. Saa tano Peres alikuwa na intavyuu kwa mama mmoja Parklands. Shida ni kwamba barua ya Kamlesh ya kumpendekeza kazini ilisema yeye ni mwanamke “sedulous”.

Mutie, askari wa geti tunayemwita Hansard, kama ile kumbukumbu ya Bunge, kwa sababu husoma hata gazeti la kufungia nyama, alivaa miwani.

— Hii ni ndugu ya sedative, dawa ya usingizi. Anasema wewe hulala kazini.

Peres alisema hajawahi kulala mchana tangu aingie Nairobi.

Clifford wa boda boda alikataa. Kwake neno lilitoka kwa schedule: Peres hufanya kazi na ratiba zake mwenyewe, wenye nyumba wangoje. Nthiwa naye aliapa amelisikia kanisani, ni mambo ya Masadukayo, wale wasioamini ufufuo.

— Lakini mimi naamini ufufuo, Peres akasema.

— Basi ungetuonyesha barua mapema, Hansard akamjibu. Mficha uchi hazai.

Peres akaanza kuikunja barua, akasema heri aende mikono mitupu. Hapo mama mmoja mgeni, Wahu, aliyesimama tu kununua kahawa, akauliza:

— Kwani aliyeandika hana simu?

Sote tukaangalia vikombe.

Peres akapiga, akaweka spika. Kamlesh alicheka mpaka akakohoa. Alieleza kwamba neno limetoka Kilatini, zamani lilimaanisha bila hila, na siku hizi ni mtu wa bidii asiyelegea. Alikaa siku mbili akilitafuta, maana maneno ya kawaida hayakumtosha Peres.

Peres akapangusa macho na leso. Kisha akauliza polepole:

— Sasa wakili, si ungeandika tu mchapa kazi?

Kamlesh akakiri kwamba hilo halikumjia siku zote mbili. Nthiwa alicheka hadi akaweka birika chini, na Clifford akambeba Peres mpaka Parklands wote wawili wakiwa hoi kwa kicheko.

Kule, Peres alituambia baadaye, yule mama wa intavyuu aliisoma barua mara mbili, akavua miwani, akamuuliza sedulous ni nini. Peres akamfundisha, na Kilatini chake. Jumatatu akaanza kazi.