Mama Sufuria na Gesi ya Wageni

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma mimi, kitinda mimba, niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye wanafunzi aliowapikia walimwita Mama Sufuria, nami naomba mnivumilie nikisoma polepole, maana nyumba nzima tumechoka.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akaanza shule mwaka 1958 na kuiacha darasa la nne, si kwa kukosa akili, bali kwa kuwa msitu ulikuwa umesogea mbali, kuni zikawa safari ya asubuhi nzima, na mwenye shingo imara pale nyumbani alikuwa yeye.

Tarehe 3 Mei 1971 aliajiriwa jikoni katika shule ya bweni, akapika kwa magogo hadi alipostaafu mwaka 2009, na huko alikutana na baba yetu, seremala wa shule, aliyemchumbia kwa vipande vya mbao kavu, akimletea mzigo kila jioni, hadi wapishi wenzake wakasema bwana huyu akikataliwa shule italala njaa. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1973, wakajaliwa watoto watatu, kaka enzi za kuni, dada enzi za makaa, na mimi nikalikuta jiko la mafuta ya taa, ambalo kila mtu alisema litampumzisha. Wapi! Muda uliobaki aliwashonea watu nguo, na umeme ulipoingia mwaka 1996 akanunua pasi, akawa anawapigia pasi majirani, na kila bei ya mafuta ya taa ilipopanda alirudi kwenye mafiga yake, akisema mafiga hayakatiki kama umeme.

Baba alitutoka mwaka 2011. Mwaka 2014 kifua cha mama kilianza kubana, daktari akasema ni moshi wa miaka yote ile, akamkataza kuni na makaa, nasi tukachanga, tukamnunulia jiko la gesi, tukarudi makwetu mioyo imetulia. Kila tulipokuja tulikuta gesi inawaka. Jirani ndiye aliyemwambia dada kwamba gesi ile iliwashwa siku za wageni tu, siku nyingine zote mama alikuwa nyuma ya nyumba, ameinamia mafiga, anakohoa, na alipoulizwa alijibu kwamba kitu kizuri hakimalizwi na mwenyeji. Wageni wenyewe tulikuwa sisi, wanawe, na hilo linatuuma.

Alilazwa tarehe 3 Aprili 2023, akapumulia mashine ya oksijeni, huku akiulizia nani anaulipia umeme wa mashine hiyo, na tarehe 9 Juni, alfajiri, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, jirani aliyesema ukweli, walimu na wapishi wenzake, na wote mliokesha nasi.

Mama, watu wamekula, vyombo tutaosha sisi, usiinuke. Pumzika kwa amani.